Uzi: Tuache kulirushia mawe gari la zimamoto, na tuambiane ukweli kuhusu zile dakika 23

Mkaaji wa Ploti (Nakuru)

Habari zenu wote. Kwa miaka nimekuwa nikisoma tu humu, leo inabidi niandike.

Alhamisi iliyopita usiku ploti iliyo nyuma ya yetu iliungua. Vyumba saba vya mabati. Chanzo ni mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa ukivuja kwenye mpira. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, ila mama mmoja ameungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na familia saba zinalala kanisani hadi sasa. Lakini kilichonifanya niandike ni yale yaliyotokea gari la zimamoto lilipofika.

Lilikata kona tu kuingia kichochoroni, mawe yakaanza. "Mmekuja kuzima majivu!" Kioo cha upande wa dereva kikapasuka. Nilimwona kijana mmoja wao, sidhani kama amefika miaka 25, akishuka na bomba begani, mkono mmoja ameukinga usoni, anatembea kuelekea motoni huku mawe yanampita masikioni. Hakumjibu mtu. Alifungua maji akaanza kazi. Baada ya kama dakika 15 maji yakaisha, gari likarudi nyuma kwenda kujaza, na hapo ndipo umati ulipochachamaa kabisa. "Si tulisema? Wamekuja bila maji!"

Nilikuwa pale na ndoo yangu ya mchanga na nikanyamaza. Sikuwaambia majirani zangu neno, na jambo hilo limenisumbua wiki nzima, kwa sababu kuna kitu nakijua. Moto ulishika saa 2:15 usiku, nakumbuka kwa kuwa taarifa ya habari ilikuwa katikati. Simu ya kwanza kwenda zimamoto niliipiga mimi, na iko kwenye orodha ya simu zangu: saa 2:38. Dakika 23. Nje tulikuwa zaidi ya watu mia, simu zote ziko juu zinachukua video, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwa hivyo nauliza. Hawa tunaowapiga mawe, ni wao waliochelewa au ni sisi? Na yale maji huisha namna gani? Kama humu kuna mtu wa zimamoto, wa ambulensi, polisi, au yeyote anayefuatilia kazi hizi kwa karibu, naomba mtufundishe. Siasa za gavana gani alinunua gari gani tuziache kando kwa leo.

Binti wa Sokoni (Kisumu)

Ndugu, pole na yaliyowapata. Nimekuelewa, lakini usitugeuze sisi wananchi ndio wabaya.

Mwaka juzi kibanda cha mama yangu cha mitumba kiliungua, mji siutaji. Mimi mwenyewe nilipiga ile namba iliyobandikwa kwenye mlingoti pale sokoni. Iliita mpaka ikakatika. Nikarudia. Mara ya nne nikaambiwa mteja hapatikani. Ikabidi kaka yangu apande boda aende kuwaita stesheni kwa mdomo. Mama alikuwa na marobota matatu aliyochukua kwa mkopo wa chama. Marobota yaliungua usiku mmoja, mkopo bado anaulipa hadi leo.

Mawe siungi mkono, yule kijana hana hatia. Ila hizo hasira hazikuzaliwa pale kichochoroni. Zilianza siku mtu alipopiga simu ikaita tu.

Mkaaji wa Ploti (Nakuru)

Hapo umenigusa, dada. Pole kwa mama.

Zamu ya Usiku (Magharibi)

Ngoja nijibu. Huu ni mwaka wa 11 niko zimamoto. Kaunti sitaitaja kwa sababu bado nakula huko.

Binti wa Sokoni, simu isiyoshikwa haina utetezi na sitaitetea. Ila nikwambie inavyokuwa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kuzima moto, na tangu 2013 kila kaunti ina magari yake, watu wake na namba zake. Ukitoka Kisumu ukavuka kuingia Vihiga, namba imebadilika. Laini ikikatwa au simu ya mezani ikiharibika, namba inabaki kwenye mlingoti miaka mitano na hakuna anayekuja kuibandua. Kwa hivyo usitegemee mlingoti. Ukiona moto piga 999 au 112. Hizo ni za polisi, hazikati pesa, na wao wana njia ya kutufikia hata usiku wa manane. Halafu siku moja mchana, ukipita karibu na stesheni ya zimamoto, ingia uwaulize walio zamu: ni namba gani mnayoishika saa nane usiku? Watakupa, maana mara nyingi ni simu ya mkononi ya zamu.

Sasa maji. Hili nimelieleza matangani, kanisani, hata kwenye matatu, na nitalieleza tena.

Gari tulilonalo linabeba lita 5,000. Yapo makubwa ya lita 10,000, lakini hayo hayaingii kwenye kichochoro cha mikokoteni miwili. Bomba moja ukilifungua sawasawa linatoa karibu lita 500 kwa dakika. Piga hesabu. Dakika 10 gari ni tupu. Fungua mabomba mawili, dakika 5. Kama wewe umehesabu dakika 15, basi yule kijana alikuwa akifungua na kufunga, anabana maji, anapiga pale tu moto unapotaka kurukia nyumba ya pili. Huyo anaijua kazi yake.

Maji yaliyo mgongoni mwa gari ni ya kuanzia. Hayakusudiwi kumaliza moto. Mpango ni kwamba wakati mmoja wetu anapiga maji, mwingine anatafuta haidranti, yaani lile bomba la zimamoto lililozikwa kando ya barabara, anaunganisha, na gari linapokea maji bila kuondoka. Ndivyo kazi ilivyopangwa. Sasa niulize haidranti ziko wapi. Nyingine lami ilimwagwa juu yake barabara ilipokarabatiwa. Nyingine kuna kibanda juu. Nyingine kifuniko kiliibwa kikauzwa chuma chakavu, shimo likajaa taka. Na ile uliyobahatika kuipata, unafungua inatoa upepo, kwa sababu mtaa huo maji ni Jumanne na Ijumaa na leo ni Alhamisi. Kwa hivyo gari linaondoka kwenda kujaza mahali penye maji, kilomita nne au sita, na kurudi. Nusu saa. Mwananchi anaona gari likikimbia.

Na kuna jambo lingine linaloonekana kama uzembe. Tunafika, tunashuka, tunasimama. Hatumwagi maji. Watu wanatutukana. Siku nyingine angalia juu: zile nyaya za stima za kuunganisha kienyeji zimelala juu ya mabati, mabati yana joto, plastiki ya waya imeyeyuka. Bati zima lina umeme. Nikipiga maji pale, umeme unanifuata kwenye bomba. Mwaka wangu wa tatu mwenzangu alirushwa hivyo. Alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi kama zamani. Tangu siku hiyo nasubiri stima ikatwe, hata mnitukane.

Jiwe nimepigwa mara mbili. Mara ya kwanza kofia ilinisaidia. Mara ya pili lilimpata dereva, na tulipoteza dakika saba tukimtoa na kumweka mwingine kwenye usukani, na katika zile dakika saba nyumba mbili zaidi ziliungua. Sisemi ili mtuonee huruma. Nasema kwa kuwa wenye zile nyumba mbili walikuwa watu wa mtaa uleule uliorusha jiwe.

Kijana wa Manyatta

Afande, swali dogo. Tukipiga simu tuseme nini? Mara nyingi mtu akipiga anapiga kelele tu "moto! moto!" halafu anakata.

Zamu ya Usiku (Magharibi)

Asante kwa swali hilo. Sema mahali kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana chaji ikiisha angalau najua pa kwenda. Usiseme "kwa kina Otieno" wala "pale kwa mzee wa ng'ombe". Taja shule, kanisa, petroli stesheni au steji inayojulikana, na upande gani kutoka hapo. Kisha kinachoungua: nyumba za kuishi, duka la rangi, posho mill, gari la mafuta. Kisha kama kuna watu ndani. Usikate mpaka uambiwe ukate.

Halafu mtume mtu mmoja, mwenye shati jeupe ikiwezekana, asimame pale barabara kubwa inapokutana na kichochoro chenu, na tochi. Hujui jinsi tunavyopoteza muda tukiuliza njia. Kuna usiku tulizunguka mtaa mara tatu tukiuona moshi na hatuoni pa kuingilia, kwa sababu landilodi mmoja alikuwa ameziba njia kwa geti lake la chuma.

Dereva wa Mau (Salgaa)

Niko kwenye matrela kati ya Mombasa na Malaba, hii ni mwaka wa 19. Nimeona uzi unahusu moto, nikaona nisipoandika nitakuwa nimekosea.

Ndugu zangu wa Molo, wa Gem, wa Busia, naomba sana. Gari la mafuta likianguka, kimbieni. Mkimbie kuelekea upande wa juu na upande upepo unakotoka. Msije na mitungi.

Ile ajali ya tangi la mafuta ya Sachang'wan, kule Molo, ilikuwa tarehe 31 Januari 2009. Siku hiyo nilikuwa turnboi, yaani msaidizi wa dereva, gari letu lilikuwa kwenye foleni kama kilomita moja hivi nyuma. Watu walikuwa wakitupita wakikimbia kwenda mbele. Wamama wenye sufuria. Watoto wenye chupa za soda. Mzee mmoja alikuwa na ndoo ya kukamulia maziwa, bado ina povu pembeni, nadhani aliyamwaga maziwa pale pale ili aende kuchota petroli. Alinisalimia kwa Kikalenjin nikamjibu. Kisha anga likabadilika rangi. Sikusikia mlipuko kwanza, nilihisi joto usoni, kwa umbali ule. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wale ambao hawakuweza kutambulika walizikwa pamoja huko huko Sachang'wan. Kila nikipita hapo napunguza mwendo, na yule mzee wa ndoo ya maziwa namkumbuka.

Mtu atasema hiyo ni zamani. Julai 2021 ikawa Malanga, pale Gem, barabara ya kwenda Busia. Hadithi ni ile ile: tangi limeanguka, watu wamekuja na mitungi, moto umewakuta wameinama.

Sisi madereva tumefundishwa hivi. Petroli yenyewe unayoiona chini si hatari kama ule mvuke usiouona. Ni mzito kuliko hewa, hautoki juu ukaenda zake, unatambaa chini kama ukungu, unajaa kwenye mtaro, na mtaro ndio mahali mnapoinama kuchota. Unashika moto hata kwenye baridi kali, sembuse jua la mchana. Haungoji kiberiti. Mtu akiwasha bodaboda yake pale juu barabarani inatosha. Bati likisuguana na jiwe inatosha.

Lita 20 za petroli ni pesa kidogo sana kwa uhai wa mtu.

Zamu ya Usiku (Magharibi)

Mzee wangu, umesema yote. Niongeze moja tu: mkiona tumefika kwenye tangi na hatumwagi maji, msituite wajinga. Petroli inaelea juu ya maji. Nikimwaga maji naipeleka kwenye nyumba zenu. Inatakiwa povu, na dawa ya kutengenezea povu si kila gari linayo.

Mwanaboda Kondele

Haya yote ni kweli, lakini mimi nina langu na polisi.

Sisi wa boda ndio wa kwanza kufika kwenye ajali, kila mtu anajua. Ajali ikitokea usiku kati ya Mamboleo na Kibos, au kule Nyamasaria, ambulensi bado haijaitwa tayari sisi tupo. Mwaka jana nilimbeba kijana aliyegongwa na gari aina ya probox likatoroka. Nilimweka katikati, mwenzangu nyuma akimshikilia, tukampeleka hospitali. Damu imenijaa mgongoni. Kufika, askari aliyekuwa pale akanishika mimi. Pikipiki yangu ikawekwa kituoni siku nne. Kila siku naambiwa kesho. Siku nne bila kazi na nina watoto watatu. Kituo sikitaji.

Tangu hapo wenzangu wengi pale steji wameapa, wakiona ajali wanapita. Hilo linaniuma kuliko zile siku nne, kwa sababu yule kijana alipona. Alikuja na mamake kunitafuta, wakaniletea jogoo. Kama ningepita, angekufa.

Afande Mstaafu (Bungoma)

Kijana wangu wa Kondele, nimesoma mara mbili. Nimevaa sare miaka 32, nyingi zikiwa trafiki kati ya Webuye na Malaba, na nimestaafu. Ulitendewa vibaya. Siwezi kukwambia vingine.

Sasa nikueleze upande wa pili, uwe na silaha siku nyingine. Askari akikuta mgonjwa wa ajali ameletwa na pikipiki, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba pikipiki hiyo huenda ndiyo iliyogonga. Ni lazima aulize. Lakini kuuliza si kukamata. Wewe ni shahidi, na shahidi anaandika taarifa, anaisaini, anaacha namba ya simu, anaenda nyumbani. Kwa hivyo kabla hujambeba mtu, kama dakika ipo, mwambie mwenzako apige picha mbili tatu: mahali penyewe, mgonjwa alivyolala, pikipiki yako haina mkwaruzo. Ukifika hospitali, usiondoke kimyakimya, maana ukitoroka ndipo unafanana na mkosaji. Nenda kituo cha karibu, sema nataka kuandikisha kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kwamba nimemleta majeruhi. Uandikiwe namba ya OB, uinakili. Ile namba ni kinga. Mtu akikuzuia baadaye, unaitaja mbele ya OCS, mkuu wa kituo.

Na wale mlio na majeruhi nyumbani: fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, haiuzwi. Ukiombwa pesa ya fomu kituoni, muulize anayekuomba akupe risiti ya serikali.

Moja la mwisho na mnisamehe kwa ukali. Nilipokuwa Webuye tulipokea simu ya 999 ya ujambazi usiku, tukatoka watu wanne na Land Rover, kilomita 14 za matope. Tukafika, ni vijana walikuwa wakijaribu laini mpya. Usiku huohuo, upande wa pili wa mji, mama mmoja alivamiwa na gari halikuwepo. Nilimwandikia taarifa asubuhi. Hizo simu za mchezo zina wenyewe wanaozilipa.

Mwanaboda Kondele

Asante afande. Hiyo ya OB sikuijua. Nitaipeleka kwenye grupu yetu ya steji leo.

Binti wa Sokoni (Kisumu)

Nashukuru afande, lakini mnaona? Mwananchi ndiye anatakiwa apige picha, aandikishe OB, ajue namba ya zamu, asimame barabarani na tochi. Sisi tunalipa kodi. Mama yangu analipa ushuru wa soko kila siku, mvua jua. Kwa nini kazi yote inarudi kwetu?

Zamu ya Usiku (Magharibi)

Dada, una haki. Ungekuja ukaniambia hayo stesheni ningekuitikia. Buti ninazovaa nilinunua mwenyewe.

Nesi wa Lurambi (Kakamega)

Nilikuwa zamu, ndio naona uzi. Mkaaji wa Ploti, yule mama aliyeungua mikono, alipakwa nini kabla ya kufika hospitali?

Mkaaji wa Ploti (Nakuru)

Dawa ya meno. Na mtu mwingine akaleta mayai.

Nesi wa Lurambi (Kakamega)

Nilijua. Naomba niwaambie kinachofuata mgonjwa wa hivyo akifika kwetu. Dawa ya meno imekauka imeshikana na ngozi. Lazima itoke, la sivyo siwezi kuona kidonda kina kina gani, na vijidudu vitajificha humo. Kuitoa ni kuisugua. Nimeshawahi kumsugua mtoto wa miaka minne akanitazama machoni muda wote bila kulia, kwa sababu alikuwa ameshalia sauti ikaisha. Bibi yake aliyempaka alikuwa amekaa pembeni amefunika uso kwa leso. Alimpaka kwa upendo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ni maji. Maji ya kawaida ya bomba, baridi lakini si ya barafu, yapite juu ya kidonda dakika 20. Si dakika mbili. Kama bomba halina maji, mimina kutoka kwenye jerikeni kwa kikombe, taratibu, mpaka dakika 20 ziishe. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Usichane malengelenge. Nguo iliyogandia usiivute, kata pembeni yake. Halafu funika kwa kitambaa safi, au hata karatasi ya plastiki safi ya jikoni, twende hospitali. Unga, mafuta ya kupikia, asali, majani, vyote acha nyumbani.

Na kwa wanaboda: nawapenda na mnaokoa watu. Ila majeruhi anayesema hasikii miguu, au aliyeanguka kutoka juu, msimkunje katikati ya pikipiki. Shingo ikiwa imevunjika, ile safari inaweza kumaliza kilichobaki. Piga 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, muulizie ambulensi. Ikishindikana kabisa, tafuteni pikapu, mumlaze kwenye ubao au mlango, kichwa kishikwe na mtu mmoja kisichezecheze. Kama anavuja damu, kandamiza kwa kitambaa na usiachie kuchungulia kila mara. Damu haisubiri ambulensi.

Mkifika hospitali na mkaombwa amana kwanza, semeni hivi bila kugombana: Katiba, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hiyo ni kwa hospitali zote, za serikali na za watu binafsi. Sheria ya Afya ya 2017 imeweka adhabu kwa anayekataa. Mimi ni mfanyakazi wa hospitali na nawaambia mseme.

Mwalimu wa Webuye

Mimi nafundisha shule ya bweni, kwa hivyo hata neno moto linanikosesha usingizi. Shule ya Kyanguli mwaka 2001 walikufa wavulana 67 bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana grili. Shule ya Endarasha, Septemba 2024, watoto 21. Kila mara baada ya msiba wakaguzi wanakuja, wanaandika, wanaenda.

Lakini nataka kuwauliza nyinyi wa ploti: madirisha yenu yana nini? Karibu kila nyumba ya kupanga ninayoijua ina mlango mmoja wa chuma na dirisha moja lenye grili iliyochomelewa. Tunaogopa mwizi kuliko moto. Mimi nilimwita fundi wa jua kali, akakata grili ya chumba cha watoto akaiwekea bawaba na komeo la ndani. Kazi ya asubuhi moja. Watoto nimewafundisha kuifungua gizani.

Mkaaji wa Ploti (Nakuru)

Mwalimu, nimesoma nikainuka kwenda kuangalia dirisha langu. Limechomelewa.

Jamani, asanteni. Sikutegemea haya yote. Jana jioni tulikutana ploti yetu na ile iliyoungua, watu kama 30, nikawasomea maneno ya Zamu ya Usiku neno kwa neno. Kuna kijana alisimama akasema yeye alikuwa mmoja wa waliorusha. Alisema chumba cha tatu kilikuwa cha dada yake, na gari lilipoondoka kwenda kujaza maji alidhani wamewaacha. Hakuna aliyemcheka. Keateka, mwangalizi wa ploti, naye akakubali namba ziandikwe kwa rangi ukutani pale getini, 999, 112 na ya stesheni. Ya stesheni nilienda kuichukua mwenyewe asubuhi, na kweli ni ya mkononi.

Binti wa Sokoni, swali lako la kodi nililisoma pia. Watu walipiga makofi. Tumeandika barua kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi, kuhusu haidranti, watu 41 wametia saini, na naipeleka Jumatatu.

Halafu kuna hili. Mzee mmoja aliyekaa mtaa huu tangu miaka ya sabini alituambia anakumbuka watu wa baraza la mji wakifukia kitu kando ya barabara, karibu na pale mama mboga anapouzia. Leo asubuhi tumeenda na jembe. Mama mboga mwenyewe alisaidia kuhamisha viroba vyake vya viazi. Tumefukua kama futi moja, tukagonga chuma. Ni kifuniko cha mstatili, kina kutu, kimeandikwa herufi FH. Zamu ya Usiku, ndiyo yenyewe? Vijana wanataka kukifungua sasa hivi.

Zamu ya Usiku (Magharibi)

Ndiyo yenyewe. Msikifungue, vali ya zamani ikivunjika mtaa mzima unakosa maji. Safisheni pembeni, wekeni mawe yaliyopakwa rangi nyeupe kukizunguka, na mama mboga asogee hatua tatu tu, hana haja ya kuondoka. Kisha nendeni stesheni yenu mkawaonyeshe, waje na ufunguo wao wakipime. Wakishakipima uniambie kama kuna maji.